Tetea alalie, mashine itotoe au ununue vifaranga vya siku moja? Kwa sisi wa Moshi na Arusha

Mwezi wa saba mwaka juzi nilitotolesha vifaranga 38 kwenye mashine ya kutotolesha (inkubeta) ya mayai 56, hapa hapa kwangu Pasua, nikapiga picha nikaweka stetasi, watu wakanipa hongera kama vile nimejifungua mimi. Siku ya kumi na mbili walikua wamebaki 17. Mwezi huo huo mama mkwe wangu kule Kibosho, ambako baridi ni kali kuliko huku chini, tetea wake mmoja aliangua 10 kwenye mayai 12, na nilipopanda kumsalimia nikawakuta wote 10 wanachungulia kwenye mbawa za mama yao, na banda lenyewe halina umeme, halina thamometa, ni pembeni tu ya jiko la kuni. Nikamuuliza mama, shikamoo kwanza, umefanyaje? Akacheka, akasema mimi sijafanya kitu, aliyefanya ni huyo.

Tangu siku hiyo mtu akiniuliza "ninunue mashine au nimwachie kuku" namjibu kwa swali: siku ya 22 nani atawapa joto? Maana kutotoa ni siku 21 tu, afu kuna wiki nne za kulea, na hapo ndo pesa inapotea. Tetea anakuja na joto lake, mashine inakukabidhi yatima, na vya siku moja unavyonunua ni yatima waliosafiri. Ukilishika hilo mengine yote yanakua rahisi kulinganisha.

Tuanze na tetea. Wa kienyeji namaanisha, maana hawa chotara kina Saso na Kuroila na hawa wa mayai ya kisasa wengi wao hawana habari ya kulalia, wametengenezwa watage tu, kwahiyo kama banda lako lina chotara peke yake sahau hii njia au tafuta tetea wa kienyeji wawili watatu wawe wayaya. Tetea mmoja mwekee mayai 10 mpaka 12, mkubwa sana 15, zaidi ya hapo ya pembeni yanapoa na anayazungusha yanapokezana kupoa, mwisho unaharibu hata yale mazuri. Muwekee usiku, giza likishaingia, hatashtuka. Kiota kiwe mahali pametulia, maji na mahindi karibu, maana atashuka mara moja kwa siku dakika chache anakula, ananya lile kinyesi kubwa linalonuka vibaya (ni kawaida, usikimbilie dawa) afu anarudi.

Adui mkubwa wa tetea anayelalia ni utitiri. Utaona kuku anasimama simama, ngozi ya mdomoni imepauka, ukiweka mkono kwenye kiota vitu vinakutambaa mpaka kwenye kiwiko, na siku moja unakuta ameyaacha mayai yamepoa kabisa na kosa unampa yeye. Kabla hajalala mpulizie dawa ya unga chini ya mbawa, kiota choma majani ya zamani weka mapya, na mama mkwe wangu anatandika majivu chini kwanza ndo anaweka majani. Siafu nao msimu wa mvua wasipoangaliwa wanamaliza kiota kwa usiku mmoja.

Ila tusidanganyane, tetea ana hasara yake. Wale 10 wa Kibosho walipofika miezi miwili walikua 5. Mwewe alibeba watatu, paka mmoja, mwingine alizama kwenye ndoo. Yani mama yao aliwavusha kwenye baridi lakini akawatembeza kihambani (shamba la kuzunguka nyumba) kutwa nzima kila mwenye njaa anajichagulia. Dawa yake ni tenga. Wiki nne za kwanza mama na wanae wakae chini ya tenga au kizimba cha waya, unawapa stata (chakula cha vifaranga) ndani, jioni unawaingiza. Jambo jingine ni muda: akishaangua anakaa na watoto miezi miwili, mitatu, hatagi, ndo maana kuku wa kienyeji ukimwacha kama alivyo anakupa mizunguko kama mitatu tu kwa mwaka. Ukiwaondoa vifaranga mapema anarudi kutaga haraka, lakini hapo umeshahamia kwenye kazi ya joto, ile ile ya mashine.

Sasa mashine. Uzuri wake unaujua: mayai mengi kwa mpigo, vifaranga wa umri mmoja, chanjo siku moja, hesabu moja. Kwa mtu anayetaka kufuga kibiashara hamna ubishi, tetea mmoja mmoja hawezi kukufikisha. Shida ni kwamba wauzaji wanaiongelea kama friji, chomeka ondoka. Inkubeta ni mtoto mchanga jamani. Yenye feni inataka nyuzi 37.5 mpaka 37.8, basi. Na usiamini kioo chake, chukua kipimajoto cha hospitali, kile cha kuweka kwapani, kilaze juu ya mayai uone kama vinasema kitu kimoja. Yangu ilikua inadanganya karibu nyuzi moja nzima, na nilijua kwa sababu vifaranga walianza kutoka siku ya 19. Shika hii: wakiwahi ujue joto lilikua juu, wakichelewa mpaka siku ya 22 au 23 ujue lilikua chini. Na joto la juu linaua haraka zaidi kuliko ubaridi, yai likipoa saa moja mbili linaweza kuvumilia, likifika nyuzi 40 na kitu huna chako.

Unyevu ni asilimia 50 hadi 55 siku 18 za mwanzo, afu siku tatu za mwisho unapandisha 65 hadi 70. Mayai yageuzwe angalau mara tatu kwa siku, kama mashine haigeuzi yenyewe weka alama ya X upande mmoja na O upande wa pili, kwa penseli sio kwa peni ya wino. Siku ya 18 unaacha kugeuza, unaongeza maji, unafunga mfuniko na HUFUNGUI. Hapa ndo wengi tunaharibu. Unamuona mmoja ametoboa ganda tangu asubuhi, jioni bado yuko hapo hapo, roho inakuuma, unafungua umsaidie, unyevu wote unatoka, ule utando wa ndani unakauka unawang'ang'ania wengine kama nailoni. Kuanzia kutoboa mpaka kutoka masaa 24 ni kawaida. Mimi nilishasaidia watano, watatu walitoka na kitovu kibichi wakafa kesho yake.

Halafu umeme. Siku ya 19, saa nane usiku, nyumba ikawa giza. Nikawasha tochi ya simu, nikachemsha maji kwenye jiko la gesi, nikajaza chupa za maji za lita moja na nusu, nikazifunga kwa taulo nikazipanga pembeni ya mashine, juu nikafunika blanketi la mtoto nikaacha tundu za hewa wazi maana siku hizo za mwisho wale walioko ndani ya yai wanapumua kweli kweli. Nilibadilisha chupa mara tatu mpaka umeme uliporudi alfajiri wakati wa adhana. Mume wangu aliamka akanikuta nimekaa sakafuni nimekumbatia inkubeta, hajawahi kuacha kunitania. Kwahiyo kama unanunua mashine ulizia yenye sehemu ya kuunga betri, usinunue ya bei chee bila hiyo.

Gharama ya umeme wenyewe ya kutotolesha sio kubwa kama watu wanavyoogopa. Angalia nyuma ya mashine imeandikwa wati ngapi. Yangu ni 80, siku 21 ni masaa 504, hata ingewaka bila kupumzika ni yuniti kama 40, na haiwaki muda wote kwa sababu inajizima ikifika joto lake. Sasa linganisha na bruda, yani sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto: taa nyekundu ya wati 250 ikiwaka siku nzima ni yuniti 6, wiki mbili ni 84. Kulea kunakula umeme mara mbili ya kutotoa, na bado wiki mbili nyingine. Hii hesabu hakuna muuzaji wa mashine atakayekupigia.

Na mayai yenyewe. Usiende sokoni Mbuyuni ukanunua trei yoyote ukaweka kwenye mashine, mayai ya kisasa ya kula yanatoka kwa kuku wasio na jogoo, hayana mbegu, utayaatamisha mpaka yaoze. Tafuta mfugaji mwenye jogoo mmoja kwa matetea kama kumi. Yasizidi siku 7 tangu kutagwa, yasioshwe, yasiwekwe kwenye friji, yakae upande mpana ukiwa juu. Kama yamekuja na bodaboda kutoka Himo au Machame yaache yatulie siku moja kabla ya kuyaweka. Siku ya 7 pima kwa tochi gizani: lenye uhai utaona mishipa myekundu imetawanyika kama utando wa buibui na kidoa katikati, lisilo na mbegu linapita mwanga jeupe tupu, hilo litoe. Rudia siku ya 14 uondoe yaliyofia njiani, maana viza likipasuka humo ndani harufu yake ni ya kuhama nyumba, na wadudu wanaingia kwenye vitovu vya wenzie.

Kuna njia ya katikati ambayo wengi hawaifikirii: kupeleka mayai yako kwa mtu mwenye mashine kubwa unalipia kwa yai. Moshi wapo, Arusha wapo wengi. Unaepuka usiku wa chupa za maji. Hasara yake ni kwamba mayai yako yanachanganywa na ya watu, na kuna magonjwa yanayopita kwenye yai lenyewe, huu wa kuhara kinyesi cheupe ni mmoja wapo, kwahiyo ukipeleka kwa mtu mchafu unarudi na vifaranga na ugonjwa. Ingia ndani uone. Akikukatalia kuingia geuza.

Vya siku moja nitapita haraka. Faida: huna siku 21 za presha, na kampuni nzuri inakupa wakiwa wameshachomwa chanjo ya mareksi (ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku) shingoni, chanjo ambayo wewe nyumbani ni ngumu kuifanya. Hasara: vingi vinatoka Dar na basi, vinafika vimechoka vina kiu. Usilipe kabla hujafungua boksi. Mchukue mmoja mlaze chali kiganjani, mzima anajigeuza ndani ya sekunde tatu, mgonjwa anabaki anapiga miguu hewani. Angalia kitovu, kiwe kimefunga kimekauka, miguu inang'aa, macho yamefunguka. Mimi kuna mtu aliniuzia 100 akaapa ni chotara, walipofikisha wiki sita nusu walikua kitu kingine kabisa nisichokijua mpaka leo. Na kumbuka chotara ukija kuzalisha mayai yao mwenyewe watoto hawatoki kama wazazi, kila awamu unarudi kununua.

Tukiweka bega kwa bega basi, kwa uzoefu wangu:

Mtaji wa kuanzia: tetea chini kabisa, vya siku moja katikati, mashine juu (na bei ya mashine weka betri na bruda ndani yake).
Idadi: tetea 10 hivi kwa mmoja, mashine na vya siku moja unavyotaka wewe.
Usingizi wako: tetea unalala. Mashine hulali siku za mwisho. Vya siku moja hulali wiki mbili za kwanza.
Baridi ya mwezi wa sita hadi wa nane: tetea anashinda mbali sana.
Mwewe na paka: hapo tetea anashindwa vibaya, wa bruda wako salama.
Magonjwa: wote sawa, chanjo haimuulizi mtu alizaliwaje.

Nibaki kidogo kwenye bruda kwa sababu ndiko nilikoua vifaranga 21. Nilikosea vitu viwili. Kwanza niliweka taa nikaangalia thamometa ya ukutani, inasema vizuri, mimi nikaridhika, kumbe chini walipolala wao kuna upepo unapita chini ya mlango. Usisome thamometa peke yake, wasome wao. Wakijirundika chini ya taa wanalia kwa sauti kali wana baridi, wakikimbilia ukutani wamefungua mdomo wanahema wana joto, wakirundikana upande mmoja kuna upepo unatoka upande wa pili, na wakitawanyika kila mahali wanakula wengine wamelala wametandaza mabawa hapo umepatia. Wiki ya kwanza ni nyuzi 32 hadi 35 pale chini, afu unashusha kama nyuzi 3 kila wiki. Zungushia duara la kadibodi, pasiwe na kona, kwenye kona ndo wanapandana usiku na wa chini anakosa pumzi. Asubuhi ile nilikuta saba wamebanana kwenye kona, wameloa kama wametoka kuoshwa.

Kosa la pili nililifanya umeme ulipokatika, niliingiza jiko la mkaa nikafunga madirisha yote. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inaua kuku na inaua na watu. Ukitumia jiko lifunike na chungu, liwashie nje kwanza mpaka moshi uishe, na acha uwazi wa hewa juu karibu na dari, juu sio chini. Dada yangu wa Ngaramtoni anatumia chungu kila mwaka bila shida, na kule mwezi wa saba baridi yake mnaijua wenyewe.

Kifaranga anaweza kukaa siku mbili hata tatu bila kula akitumia kiini kilichobaki tumboni, ndo maana anaweza kusafirishwa, lakini ukishampata anza na maji ya uvuguvugu yenye glukosi au sukari kidogo, mchovye mdomo wachache wa mwanzo wengine wataiga, na weka mawe madogo kwenye chombo wasizame. Masaa machache baadaye weka chakula. Usiku ule wa kwanza washike mmoja mmoja pale chini ya shingo kwenye kifuko cha chakula, kiwe kimejaa kimelainika. Kikiwa kitupu hajaona chakula, kikiwa kigumu amekula hajanywa. Chini tandika maranda makavu, siku za mwanzo juu yake weka kitu chenye mikwaruzo kama kadibodi au gunia, gazeti linateleza miguu inatanuka huku na huku mpaka wanashindwa kusimama. Kinyesi kikigandia nyuma kifute na maji ya uvuguvugu, usikibandue kikavu.

Chanjo ninayofuata mimi: siku ya 7 mdondo (wengine mnaita kideri), siku ya 14 gumboro, siku ya 21 mdondo tena, siku ya 28 gumboro tena, ndui wiki ya 6 hadi ya 8, afu mdondo kila miezi mitatu. Kwa wa kienyeji ile chanjo ya mdondo ya tone moja kwenye jicho, I-2 inayotengenezwa hapa hapa Tanzania, inavumilia joto kuliko zingine kwahiyo hata Kibosho inafika bado nzima, na chupa moja inatosha kuku wengi, mnaungana majirani watano mnachangia. Chanjo za kwenye maji wanyime maji kama saa moja na nusu, tumia maji yasiyo na dawa ya klorini, na waimalize ndani ya masaa mawili. Hawa wanaowapa vifaranga antibayotiki siku ya kwanza "kwa kinga" sijui wanakinga nini, mdondo na gumboro ni virusi, haviskii hiyo dawa. Kinachotaka dawa ni kuhara damu, inapiga kuanzia wiki ya tatu hivi, hasa masika maranda yakiloana kuzunguka chombo cha maji. Unakoroga amproliamu kwenye maji, na unabadilisha matandiko yote. Ukitoa dawa ukaacha matandiko unarudi dukani wiki ijayo.

Kwahiyo nani achukue nini. Kama unataka kuku 20, 30 wa nyumbani na wa Krismasi watu wakipanda kuja kula, chukua tetea watatu uwalalishe usiku mmoja. Aliyewahi muwekee mayai mawili ya kumshikiza mpaka wenzie wawe tayari, afu mayai yote mazuri waanze siku moja, wakishaangua vifaranga wote wape matetea wawili usiku, yule wa tatu akapumzike arudi kutaga. Kama unafanya kazi ofisini unatoka saa kumi na mbili asubuhi, achana na mashine na vya siku moja, nunua wa wiki nne waliochanjwa, ni ghali kwa kichwa lakini ukipiga hesabu ya wanaokufa na zile yuniti za taa unakuta hujaibiwa. Unayetaka 100 na kuendelea na una mtu wa kushinda nyumbani, vya siku moja awamu mbili za kwanza ujifunze bruda, mashine baadae. Anayeanza na mashine anajifunza kutotoa na kulea kwa wakati mmoja, ndo nilichofanya mimi.

Mwaka huu mashine nimemuazima dada wa Ngaramtoni mpaka mwezi wa tisa, yeye ana betri. Mimi nina matetea watatu wamelala nyuma ya jiko tangu Jumanne, mayai 34, mwekundu ndo mkali ananidonoa kila nikipeleka maji. Mama mkwe amesema atashuka siku ya ishirini kuja kuangalia, amenipigia leo kuuliza kama nimeweka majivu.